Kuogelea Juu ya Dawati

Habari hii ni ya kweli tupu. Haina chumvi, haina ndimu, haina hata bizari. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na mjue leo nayahitaji, maana hapa mezani kwa Bi Foibe pameletwa supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe. Tena siapi hewani, naweka sharti mbele ya mashahidi. Nyote mna vijiko. Atakayesikia uongo, anyanyue kijiko chake juu. Vijiko vya meza nzima vikinyanyuka, supu ya leo nalipa mimi, pamoja na chapati, pamoja na ya Mzee Madelemu ambaye hula kama mtu aliyetumwa na ukoo. Visiponyanyuka, mtanilipia ninyi.

"Tumekubali," alisema Madelemu, kijiko chake tayari kiko juu.

"Kiweke chini kwanza, ndugu yangu. Sijaanza."

Basi. Alikuwapo mwalimu wa Kilimo hapahapa Manyoni, jina lake Yona Chidumizi. Mnajua nchi yetu ilivyo. Mvua kwetu ni mgeni anayebisha hodi kisha akaenda kwa jirani. Chidumizi alikua akioga kwa kikombe, na maji ya kikombe hicho yakishuka miguuni yalikingwa, yakapelekwa kwenye mche wa mboga. Bahari aliiona mara moja tu, kwenye kalenda ya duka la pembejeo, na hata hapo ilifunikwa nusu na picha ya mfuko wa mbolea.

Siku moja akasikia redioni kwamba kuna nchi ya ng'ambo inatafuta walimu wa Kilimo. Jina la nchi nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe, kwa kuwa nina wajukuu. Tuiite Nchi Hiyo. Nchi Hiyo haina bahari wala ziwa. Mto inao mmoja, nao umechorwa kwenye ramani ya taifa kwa wino wa buluu na kwa matumaini.

Chidumizi akaomba, akakubaliwa. Akafunga safari na sanduku moja, na mfukoni mwa koti akatia mbegu za mtama, maana mwalimu wa Kilimo haendi ugenini mikono mitupu.

*

Alipokelewa kwenye Wizara ya Elimu, Fahari na Mambo Yajayo. Nyuma ya meza alikaa Katibu wa Kupanga Walimu, mtu mnene wa heshima aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamia wageni.

"Tanzania," alisoma kwenye pasipoti. "Ninyi si ndio wenye bahari?"

"Bahari ipo, Mheshimiwa. Lakini mimi natoka Manyoni."

"Kutoka Manyoni hadi baharini ni mbali?"

"Ukipanda basi alfajiri, unafika jioni."

"Jua limezama?"

"Huwa bado."

"Basi hapo ni pwani." Akagonga muhuri. "Utafundisha Kuogelea."

Chidumizi alidhani njaa ya safari imemharibia masikio. "Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa Kilimo. Nimekuja hata na mbegu."

"Mwalimu wa Kilimo tunaye. Ni nahodha wa meli, tumemtoa ng'ambo kwa gharama kubwa. Anafanya kazi nzuri sana. Wanafunzi wake wanalima kwa kufuata nyota."

"Lakini mimi sijui kuogelea!"

Katibu alivua miwani zote mbili, macho yakamlengalenga. Katika Nchi Hiyo, mtaalamu wa kigeni akisema "sijui" huhesabiwa kwamba ni mnyenyekevu. "Mnasikia?" aliwaita makarani. "Bingwa, na bado ananyenyekea! Pasipoti yako tutakutunzia sisi, Mwalimu, isije ikalowa."

Na ikatiwa kabatini. Kuitoa kabla ya mkataba kwisha kulihitaji ruhusa ya Waziri, na kumwona Waziri kulihitaji ruhusa ya Waziri.

"Hiyo naijua," alisema Madelemu, na kijiko chake kikaingia kwenye supu badala ya kwenda juu.

*

Shule ya Taifa ya Michezo ya Majini ilijengwa juu ya kilima cha mawe, mahali ambapo hata kenge walihama kwa kiu. Langoni palikuwa na sanamu ya samaki aliyevaa tai. Mkuu wa shule, Dakta Pombolo, alimzungusha Chidumizi kwa mwendo wa mtu anayeonyesha shamba la urithi.

Darasani aliwakuta vijana wamelala kifudifudi juu ya madawati, wanapiga mikono na miguu, jasho linawatiririka. Sakafu ilipakwa rangi ya buluu. Kiranja alipita katikati yao na chupa ya mafuta ya alizeti akilainisha mbao, wasichubuke vifua.

"Maji yako wapi, Dakta?" aliuliza Chidumizi.

"Kwetu nadharia hutangulia. Vitendo vitakuja bajeti ikiruhusu." Dakta Pombolo akaonyesha kijana mmoja mwenye bega lililofungwa bendeji. "Huyu ndiye bingwa wa taifa kwa upande wa wavulana. Alivunja rekodi na dawati kwa pamoja."

"Na wakihitimu wanakwenda wapi?"

"Idara ya Uokoaji. Tunao waokoaji kila wilaya. Wanakaa kwenye viti virefu, wana filimbi, wanatazama viwanja vya vumbi kuanzia asubuhi. Na nikwambie jambo la kujivunia, Mwalimu: tangu idara ianzishwe, hajafa maji mtu hata mmoja."

Bi Foibe alikuwa akipita na sufuria, akasimama. "Hiyo idara kweli ipo?"

"Ipo, tena ina mkurugenzi. Na mkurugenzi ana gari na dereva."

"Aa, kama mkurugenzi ana gari, ipo," akasema, akaendelea kumimina supu. Kijiko hakikunyanyuka hata kimoja. Nawashukuru.

*

Siku ya kwanza Chidumizi alisimama mbele ya darasa akaamua kuwa mkweli, kwa sababu uongo nao unahitaji ujuzi, na yeye hakuwa nao.

"Wanangu," alisema, "mimi sijui kuogelea."

Kalamu zote zikaanza kukwaruza. Msichana mmoja mrefu aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo tuandike kama kichwa cha somo au kama maelezo?"

Huyo aliitwa Sikuzani. Ndiye aliyekuwa bingwa wa wasichana, na magamba ya viwiko vyake yalikuwa ushahidi. Katika darasa lile ndiye peke yake aliyeuliza maswali. Wengine walikwisha kufunzwa kwamba swali ni dalili ya kutokuelewa, na kutokuelewa ni dalili ya kutoipenda nchi.

Baada ya kipindi akamfuata Chidumizi mlangoni. "Mwalimu, nikuulize kitu usinicheke?"

"Uliza, binti yangu."

"Maji mengi yakoje? Nimeona ya ndoo tu. Yale mengi, ukilala juu yake, yanakuchukua kama dawati linavyokuchukua?"

Siku hiyo Chidumizi hakula. Tangu hapo akaanza kuwafundisha kile alichokijua, yaani jinsi watu wa nchi kavu wanavyoishi na maji. Aliwafundisha kufukua kisima kwenye mchanga wa korongo. Aliwafundisha kwamba maji ya rangi ya chai yanaficha kitu. Aliwafundisha kutanguliza fimbo kabla ya mguu, na mguu kabla ya mwili. "Na ukitumbukia kwa bahati mbaya," alisema, "usihangaike na mbingu. Tafuta chini kwanza. Mtu aliyepata pa kukanyaga ana muda wa kufikiri."

Darasa zima likaimba kwa pamoja: "Tafuta chini kwanza!" Wakaimba vizuri mno, hata mkaguzi aliyepita akaandika kwamba huo ni mtindo wa kuogelea wa kimataifa.

*

Sasa mjueni Waziri. Aliitwa Mheshimiwa Profesa Hamdumu Kiguru, Mlezi wa Elimu na Baba wa Fahari. Chuo kimoja kilimtunuku shahada ya heshima ya Kuogelea. Sherehe ilifanyika kwenye meza ya Baraza la Mawaziri: akalala juu yake kwa tumbo, akapiga miguu kidogo, wenzake wakapiga makofi, wengine wakadai wamerushiwa matone. Watu wote mezani walijua ule ni mchezo. Yeye tu ndiye aliyeamini.

Mwaka huo Waziri akatangaza kwamba bajeti imeruhusu. Pale shuleni litachimbwa Bwawa la Taifa, refu, pana, lenye kina cha mita tatu. Kazi akapewa shemeji yake, kwa sababu zabuni ilikuwa ya wazi, na aliyeiona wazi ni shemeji peke yake. Ukuta ukaandikwa kwa herufi za kutisha: KINA MITA TATU. Kisha maboza yakaleta maji kutoka mikoa ya jirani. Wananchi wa mikoa hiyo walipouliza watakunywa nini, waliambiwa kwamba kiu ni mchango wao kwa maendeleo, na risiti watapata.

Maji yale yalifika yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukitazama huoni chini, huoni hata kidole chako. Bwawa likazungushiwa kamba na askari, mtu yeyote asiliguse, yasije maji yakachakaa kabla ya kuzinduliwa.

Ratiba ikabandikwa: baada ya wimbo wa taifa, wanafunzi wote wa daraja la kwanza watajirusha majini kwa mkupuo mmoja, wakiongozwa na bingwa Sikuzani.

Chidumizi aliisoma ratiba mara mbili. Akaenda ofisini kwa Dakta Pombolo bila kubisha hodi.

"Dakta, wale watoto watakufa."

"Nani kasema?"

"Nasema mimi, mwalimu wao. Hawajui kuogelea."

"Wana daraja gani?"

"La kwanza. Mmewapa ninyi."

"Sasa mtu mwenye daraja la kwanza anakufaje maji?" Dakta Pombolo alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwalimu, wewe ni mgeni, nakuvumilia. Hapa tuna Sheria ya Kulinda Mafanikio. Kusema cheti cha serikali kinaweza kuzama ni uchochezi."

"Basi ahirisheni tu. Semeni haiwezekani kwa sasa."

"Kwetu hatusemi haiwezekani. Tunasema linafanyiwa kazi."

"Kwa hiyo watoto wakizama?"

"Litafanyiwa kazi." Akavuta droo, akatoa karatasi moja. "Hebu tusaidiane. Tia saini hapa kwamba wako tayari. Ukitia, pasipoti yako unaipata leo hii, na kesho unaamkia njiani kwenu."

Chidumizi akaikumbuka Manyoni. Akakumbuka mkewe, na ng'ombe wake wawili, na ukimya wa jioni wa kwao. Kisha akakumbuka swali la Sikuzani, kama maji mengi yanakuchukua kama dawati. Akairudisha kalamu mezani.

"Saini yangu," alisema, "inafanyiwa kazi."

*

Mchana ule alikaa na walimu wenzake kwenye chumba cha chakula, mbele ya ugali uliokwisha kuganda. Hakuna aliyemega, kwa sababu Dakta Pombolo alikuwa hajafika, na katika Nchi Hiyo mkubwa hutangulia. Hiyo ndiyo mila yao kubwa kuliko zote. Mkubwa ndiye anayeanza kula, anayeanza kupita mlangoni, anayeanza kucheka kichekesho. Kwenye kampeni ya chanjo ya watoto wachanga, sindano ya kwanza ilipigwa mkuu wa mkoa. Watu huchomwa na jua uani kwa heshima, wakimsubiri mkubwa aingie ndani.

Nahodha wa Kilimo, aliyekaa mkabala, akanong'ona, "Juzi mkubwa alikwenda harusini, tukalala na njaa."

Chidumizi akautazama ugali ule, akautazama tena. Akainuka ghafla kama aliyeumwa na siafu. Akaenda moja kwa moja kwa Afisa Itifaki wa wizara, kijana mwembamba aliyekuwa akipima kwa kamba umbali wa kiti cha Waziri na viti vya watu.

"Ndugu Afisa, samahani, labda ni ugeni wangu tu. Nimeona kwenye ratiba wanafunzi wanaingia majini kwanza. Mheshimiwa Waziri ataingia baada yao?"

Afisa akasimama na kamba yake mkononi.

"Aingie kwenye maji waliyokwisha kuyaoga watoto?"

"Mimi nauliza tu."

"Uwiii! Nani kaandika hii? Wanataka nifukuzwe kazi! Mwalimu, umeniokoa mimi na wanangu." Akaichana ratiba, akaandika nyingine palepale: Mheshimiwa atatangulia. Mtu yeyote asiguse maji kabla yake.

Chidumizi akarudi chumbani kwake akitembea kama bwana harusi. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Duniani hakuna waziri wa kujirusha kwenye mita tatu za maji asiyoyajua. Atachovya kidole cha mguu, atakata utepe, atasema limezinduliwa, na watoto watarudi makwao wakavu. Hesabu ilikuwa sahihi, ila aliisahau tarakimu moja: mtu ambaye kwa miaka mingi hajawahi kuambiwa "huwezi", akipewa cheti, hukiamini.

*

Siku ikafika. Viti vya wageni vilijaa, shemeji yuko mstari wa mbele ndani ya suti inayong'aa. Waokoaji wa Idara walikaa juu ya viti vyao virefu, filimbi shingoni, na Mkurugenzi wao akiwa kwenye kirefu kuliko vyote. Wanafunzi walipangwa ukingoni, Sikuzani mbele. Chidumizi alisimama ubavuni mwake.

Waziri akahutubia. "Ndugu wananchi! Wapo wanaosema nchi yetu ni kavu. Nawauliza, ukavu ni nini? Ukavu ni maji yaliyochelewa!" Makofi. "Wapo wanaosema tumefundisha kuogelea bila maji. Nawauliza, ndege alifundishwa kuruka na nani?" Makofi zaidi, ingawa hakuna aliyejua yanakwenda wapi. "Leo nitawaonyesha kwa vitendo!"

Akavua koti. Ndani alikuwa amevaa nguo ya kuogelea ya rangi za bendera, na juu yake amezibandika nishani zake zote, kuanzia ile ya Ushujaa hadi ile ya Kuhudhuria.

"Mheshimiwa hutangulia!" akatangaza Afisa Itifaki.

Chidumizi akafumba macho. Alisikia tu kishindo, kama gunia la mahindi limeanguka kutoka ghalani.

Waziri akazama. Umati ukapiga makofi. Akaibuka kidogo, akasema "Bwah!" Umati ukaitikia "Bwah!" Akazama tena. Mtangazaji wa redio ya taifa akasema kwa sauti ya kusisimka kwamba wasikilizaji wapendwa, Mheshimiwa sasa anatuonyesha mtindo wa chini kwa chini, mtindo mgumu, wa kisasa.

"Mwalimu," Sikuzani alimshika mkono, kucha zikamwingia. "Yule haogelei. Yule anakufa."

Chidumizi akamkimbilia Mkurugenzi wa Uokoaji. "Mwokoeni!"

"Nani katoa amri?" Mkurugenzi aliuliza kutoka juu. "Amri ya kuokoa hutolewa na Waziri."

"Waziri ndiye huyo aliye ndani!"

"Basi tungoje atoke atie saini."

Chidumizi alipogeuka, akamwona Sikuzani amekwisha kuvua viatu, amejikunja kama alivyojikunja maelfu ya mara juu ya dawati lake. Msichana aliamini, jamani. Aliamini cheti chake kama Waziri alivyokiamini cha kwake. Chidumizi akamdaka nguo ya nyuma, akamrudisha kwa nguvu hadi akakaa chini, na kabla hajafikiri vizuri akajirusha yeye, na koti lake, na viatu vyake, na mbegu za mtama mfukoni.

Njiani hewani alimkabidhi Mungu mkewe na ng'ombe. Kisha maji yakamfunika, meusi, baridi, yenye ladha ya boza. Akataka kupiga kelele. Badala yake akajisikia anaimbiwa na darasa zima: tafuta chini kwanza. Akashusha mguu.

Mguu ukakanyaga saruji.

Akashusha wa pili. Saruji. Akanyooka taratibu, kama mtu anayeamka. Maji yalimfika kifuani. Mbele yake, ukutani, yale maneno KINA MITA TATU yalikuwa yakimtazama, nayo hayakuona haya.

"Simama, Mheshimiwa!" akapiga kelele.

"Bwah! Na — nani — ananiamrisha?"

"Simama!"

"Mi — mi — siamrishwi!"

"Tafadhali Mheshimiwa, ikikupendeza, kwa ruhusa yako mwenyewe, naomba usimame!"

Kusikia hivyo, Waziri akasimama. Alikuwa mtu mrefu. Maji yalimfika kitovuni. Nishani zikawa zinachuruzika.

Makofi yakakatika. Watu wote wakamtazama Waziri, wakautazama ukuta, kisha pole pole, kama ua la alizeti linavyogeuka, wakamtazama shemeji, ambaye wakati huo alikuwa akichunguza viatu vyake. Ndugu zangu, ufisadi umeua watu wengi. Siku ile uliokoa mtu mmoja, na kama ilivyo kawaida yake ulimchagua mtu wake.

Sikuzani ndiye aliyesogea kwanza. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikaa ukingoni, akatanguliza fimbo ya bendera, akatanguliza mguu, akashuka. Akasimama. Akayapiga maji kwa kiganja yakamrukia usoni, akacheka kicheko ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, mguu kwanza. Baada ya miaka yote ile ya madawati, wale watoto wakalowa.

Ndipo Waziri, akiwa bado ndani ya maji, akainua mkono. "Wananchi," akasema kwa sauti ya huzuni, "kosa ni langu. Cheti changu ni cha uongo, shule hii ni ya uongo, na nusu ya bwawa imeliwa na shemeji yangu, yule pale. Simlaumu mtu mwingine. Leo hii, kwa hiari yangu, najiuzu—"

*

Vijiko! Sijamaliza hata neno. Meza nzima vijiko juu, kama mikuki. Hata mtu wa meza ya pili ambaye hakualikwa alinyanyua cha kwake.

"Uongo!" Madelemu alisimama, supu ikimtiririka kidevuni. "Uongo mweupe! Nimemkamata!"

"Ngojeni, ngojeni," nikasema. "Nahodha anayefundisha kilimo kwa nyota mmemkubali?"

"Tumemkubali. Yupo."

"Idara ya kuokoa watu wasiozama?"

"Mjomba wangu anafanya kazi humo," alisema yule wa meza ya pili.

"Mtu anazama mnapiga makofi, hiyo nayo sawa?"

"Hayo yote tumeyaona kwa macho," alisema Madelemu. "Lakini waziri akiri kosa? Bila kusukumwa? Amtaje na shemeji? Mstaafu mwenzangu, hata uongo una mipaka yake."

Bi Foibe akaweka sufuria chini, akajishika kiuno. "Hebu sema kweli, baba. Alisemaje hasa?"

Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikakohoa.

"Alisema kwamba maji yameshuka yenyewe kwa heshima yake."

Vijiko vikashuka mezani, kimoja baada ya kingine.

"Hapo sasa," alisema Bi Foibe. "Na shemeji?"

"Shemeji akapewa nishani, na kazi ya kuchimba bwawa la pili, la mita sita."

"Eee. Na mwalimu?"

"Jioni ileile pasipoti ikatoka kabatini bila mtu kuiomba. Alifukuzwa nchini kwa kosa la kumwamrisha kiongozi ndani ya maji. Nahodha ndiye aliyemsindikiza, akamwahidi kuzipanda zile mbegu za mtama zilizokwisha kulowa. Na alipokuwa akiondoka na gari la askari, akatazama kilimani, akaona mstari wa watu wenye ndoo kutoka ile mikoa iliyochangia kiu, wanashuka nazo vichwani. Juu ya ukingo alisimama Sikuzani, amelowa mwili mzima, anawajazia. Askari walimuuliza kwa amri ya nani. Akawaambia ni vitendo."

Madelemu akafuta macho, akasingizia pilipili.

"Hiyo nzuri," akasema. "Hiyo na mimi naiamini."

"Basi kama mnaiamini," nikasema nikiinuka polepole kuelekea mlangoni, "naona tumetoka sare, kila mtu ajilipie—"

Bi Foibe alikuwa amekwisha kufika mlangoni kabla yangu, kiganja kimekunjuliwa. Akanitazama kuanzia mvi hadi viatu, akawatazama waliobaki mezani, ambao mimi nawazidi wote umri.

"Mkubwa hutangulia, baba," akasema. "Toa."

Nikatoa.